Pamba Simu Yako, Lakini Usiufiche Mlango wa Pesa

Kila likizo ya Desemba mambo ni yale yale. Vijana wanashuka Voi kutoka Nairobi na Mombasa, wengine kwa SGR, wengine kwa basi. Wanafika nyumbani Ndara, wanasalimia, wanakunywa chai. Kabla kikombe hakijaisha utasikia mmoja akisema: "Mama, hebu lete hiyo simu nikupangie. Mbona inakaa hivi?"

Nusu saa baadaye simu imegeuka. Nyuma kuna picha ya maua, saa imekuwa kubwa, na aikoni zote zimevaa rangi moja ya waridi kama sare ya shule. Simu inapendeza kweli. Mama anacheka, kijana anasifiwa.

Tabu inaanza Jumatatu asubuhi. Tuchukue mfano kwamba mama huyu ana kibanda kando ya barabara, anauza asali, ndizi na maji ya chupa. Gari la kuleta maji limefika kutoka Voi na dereva anataka kulipwa aende. Mama anafungua simu, anatafuta ile alama aliyoizoea. Haioni. Anasogeza kulia, anasogeza kushoto. Dereva anapiga honi. Mtu aliyesimama pembeni, ambaye mama hamjui hata jina, anasema: "Leta, mama, nikutafutie." Mama anampa simu ikiwa wazi. Anatafutiwa, anarudishiwa, na yule mtu bado amesimama pale pale begani wakati mama anaweka PIN.

Huenda yule mtu ni mwema tu. Lakini kwa dakika moja, mgeni ameshika simu yenye pesa za biashara na ameiona PIN. Hakuna mwizi aliyevunja chochote. Ni mapambo tu yaliyofanya mwenye simu asiujue mlango wa nyumba yake.

Hatusemi usipambe simu yako. Simu ni yako, ipambe. Leo tunataka kukuonyesha jinsi ya kubadilisha sura ya skrini ya kwanza bila kuupoteza wala kuuacha wazi mlango wa pesa.

AIKONI NI NINI HASA?

Aikoni ni ile picha ndogo unayoigusa ili programu ifunguke. Wengi huiona aikoni kama ndiyo programu yenyewe, na wengine huiona kama ndiyo pesa zenyewe. Tumeulizwa mara nyingi: "Nimefuta alama ya pesa kwa bahati mbaya, je, salio langu limepotea?"

Halijapotea. Pesa zako hazikai ndani ya simu. Salio lako liko kwenye mitambo ya kampuni inayokuhudumia, chini ya nambari yako ya simu. Aikoni ni mlango tu. Ukiutoa mlango ukutani, nyumba bado ipo.

Wakati M-PESA ilipoanza Kenya, Machi 2007, hakukuwa na aikoni ya rangi yoyote. Huduma ilikuwa kwenye menyu ya laini: orodha ya maneno, unachagua, unaandika nambari, unaweka kiasi, unaweka PIN. Watu walijifunza kwa mpangilio. Kidole kilijua kwamba ukishuka mara moja ni hapa, ukishuka mara mbili ni pale. Hata leo watu wengi, hasa wazee wetu, wanaijua simu kwa mahali kitu kilipo kuliko kwa picha yake. Ndiyo maana ukihamisha aikoni umewahamishia njia yao ya kwenda sokoni.

Menyu ile bado ipo. Kwa M-PESA ukipiga *334# unapata huduma bila programu na bila bundles. Jua nambari ya namna hiyo ya mtandao unaoutumia na uikariri. Siku mapambo yakikuchanganya, utakuwa na mlango wa pili.

MAPAMBO YASIYO NA NENO

Simu nyingi tulizonazo huku ni za Android: Tecno, Infinix, itel, Samsung, Redmi na kadhalika. Sura hutofautiana kidogo, lakini hatua ni karibu sawa.

1. Bonyeza na ushikilie mahali patupu kwenye skrini ya kwanza, pasipo na aikoni. Menyu ya mapambo itatokea.

2. Chagua picha ya nyuma. Jua la Voi ni kali, na picha yenye vitu vingi vya rangi rangi hufanya aikoni zisionekane ukiwa nje. Picha tulivu, yenye rangi moja au mbili, ndiyo nzuri zaidi. Picha zinazotembea zinavutia lakini zinakula chaji, na kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo zinaifanya ivute miguu. Na tafadhali, usiweke picha ya kitambulisho chako wala karatasi uliyoandika PIN.

3. Ukitaka kuhamisha aikoni, ishikilie mpaka ilegee, kisha iburute hadi unapotaka. Ukiiweka juu ya aikoni nyingine, zote mbili zinaingia kwenye folda moja.

4. Ukitaka kupunguza msongamano, ishikilie aikoni na uchague "Ondoa". Hapa soma vizuri! "Ondoa" huitoa aikoni kwenye skrini ya kwanza tu, programu inabaki kwenye orodha kamili. "Sanidua" huifuta programu yenyewe. Kwenye baadhi ya simu ambazo hazina ile orodha ya programu zote, kuondoa ndiko kufuta. Ukiwa na shaka, acha, iburute tu ukurasa wa pili.

5. Unaweza kuongeza wijeti, yaani kidirisha cha saa, hali ya hewa au kalenda. Kama programu yako ya pesa ina wijeti ya kuonyesha salio, fikiri kwanza. Simu ya mfanyabiashara inakaa juu ya meza. Je, ungependa kila anayenunua ndizi ajue una shilingi ngapi?

Hayo yote yanafanyika kwa vifaa vilivyo ndani ya simu tayari. Huhitaji kupakua chochote wala kumpa mtu ruhusa yoyote.

DROO YA PESA HAIHAMISHWI OVYO

Mwenye duka anaweza kupanga rafu upya kila mwezi. Sukari leo huku, kesho kule. Lakini droo ya pesa ina mahali pake, na hata taa ikizima mkono wake unaifikia. Panga simu yako vivyo hivyo.

Weka programu ya pesa kwenye ile safu ya chini kabisa ya skrini, inayobaki pale pale hata ukigeuza ukurasa. Kidole gumba kinaifikia kwa urahisi ukiwa umeshika simu kwa mkono mmoja. Ikishakaa hapo, usiihamishe tena. Usiifiche ndani ya folda iliyo ndani ya ukurasa wa tatu, ukidhani unamficha mwizi. Mwizi ana muda wa kutafuta. Wewe ndiye huna muda mteja akiwa amesimama.

Kinachomzuia mwizi ni kufuli ya simu na PIN ya pesa, na hizo mbili zisifanane.

Usiziweke programu mbili za pesa pamoja kama zinafanana rangi. Ziache mbali mbali, au weka nyingine kati yake. Kidole kikiwa na haraka hakisomi majina.

Ukimaliza kupanga, simu nyingi zina kitufe cha kufunga mpangilio wa skrini ya kwanza, ndani ya mipangilio ya skrini hiyo. Kiwashe. Mtoto akichezea simu hataweza kuburuta wala kuondoa aikoni. Hatua hii ni ndogo, na inazuia simu nyingi za "programu yangu imepotea" tunazopokea.

AIKONI ZA SARE

Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, simu kadhaa zina uwezo wa kuvisha aikoni rangi inayolingana na picha ya nyuma. iPhone nayo iliongeza jambo la namna hiyo kwenye iOS 18, Septemba 2024. Ukiwasha, aikoni nyingi zinapoteza rangi zake za asili na kuwa za rangi moja.

Hakuna hatari ya wizi hapo, kwa sababu ni kazi ya simu yenyewe. Hatari ni ya macho. Kijani ulichokizoea kimekwenda, nyekundu imekwenda, limebaki umbo tu. Kijana wa miaka 20 anasoma umbo haraka. Mzazi mwenye miwani ya kusomea aliyoisahau nyumbani hasomi. Ndicho kilichompata mama wa mfano wetu.

Kama unapenda sare, jaribu siku moja nyumbani kabla ya kwenda nayo kazini. Fungua programu ya pesa mara tano, haraka haraka. Ukikosea hata mara moja, zima sare.

AIKONI ZA KUTUMIWA

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ndiyo hasa ilitufanya tuandike somo hili.

Mapambo ya simu yakimchosha mtu, hutafuta mengine. Kuna programu ziitwazo lancha, zinazobadilisha skrini ya kwanza yote, na kuna mafungu ya aikoni. Nyingi zipo Play Store na nyingi ni halali. Lakini nyingine hutembea kwa kutumiwa: kiungo kwenye kikundi cha WhatsApp, au faili lenye jina linaloishia na APK. "Mpya hii, bure kabisa, simu yako itafanana na iPhone." Unabonyeza, simu inakuuliza kama unaruhusu kusakinisha programu zisizojulikana. Watu wengi hubonyeza ndiyo ili wamalize.

Lile swali si usumbufu. Simu inakuambia kwamba haijui kitu hiki kimetoka kwa nani.

Kisha ile programu ya mapambo inaanza kuomba ruhusa. Zichunguze hizi tatu:

Ya kwanza ni ruhusa ya ufikivu. Ruhusa hii iliwekwa ili kuwasaidia watu wasioona vizuri au wasioweza kutumia mikono yao sawasawa. Programu iliyopewa inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Kwa asiyeona ni msaada mkubwa. Kwa tapeli ni ufunguo wa nyumba.

Ya pili ni ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Kwa hii, programu inaweza kuleta ukurasa wake juu ya ule wa kweli. Unadhani unaandika PIN kwenye programu yako ya pesa, kumbe unaandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake.

Ya tatu ni ruhusa ya kusoma SMS. Humo ndimo zinamopita nambari za siri za mara moja na taarifa za salio.

Jiulize swali moja tu: ua la waridi linahitaji kusoma SMS zangu kwa nini? Ukikosa jibu, kataa.

Wakulima wa Sagalla, majirani zetu, wanaijua hesabu hii kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi wamekuwa wakizuia tembo kuingia shambani kwa uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwa nafasi nafasi na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mahali pamoja, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ruhusa za simu ni kama waya ule. Unadhani umegusa sehemu moja ndogo, kumbe umetikisa picha, SMS na pesa kwa pamoja.

PICHA SI KITAMBULISHO

Aikoni inaweza kuvaa picha yoyote na jina lolote. Hata wewe mwenyewe, ukitumia lancha, unaweza kuipa kikokotoo picha ya benki. Kwa hiyo usiseme "hii ni programu ya kweli kwa sababu ina alama yao".

Ili kuhakikisha, ishikilie aikoni, gusa alama ya herufi i au maandishi ya maelezo ya programu. Ukurasa utakaofunguka unaonyesha jina la kweli la programu, ruhusa ilizopewa, na kwenye simu nyingi pia ilikotoka. Kama imetoka Play Store, ifungue huko na usome jina la kampuni iliyoitengeneza. Kama maelezo hayaonyeshi duka lolote na wewe hukuletewa na fundi unayemwamini, iondoe.

SKRINI ILIYOFUNGWA NI BARAZA

Tunapamba ndani tukasahau baraza. Simu ikiwa imefungwa, mezani, SMS ya malipo inaingia na kila kitu kinaonekana: jina la aliyetuma, kiasi, na mara nyingine salio jipya. Hakuna aliyegusa simu yako, lakini kibanda kizima kimeshasoma.

Ingia kwenye Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha Arifa, kisha sehemu ya skrini iliyofungwa. Chagua arifa zionekane bila maelezo ya ndani. Utaendelea kusikia mlio na kujua ujumbe umeingia. Maneno yenyewe utayasoma wewe ukishafungua.

UKIMPANGIA MZAZI

Vijana, hapa tunaongea nanyi. Kumpangia mzazi simu ni jambo la upendo. Lifanyeni hivi:

Muulize kwanza anatumia nini kila siku. Mara nyingi ni vitu vitano: kupiga simu, SMS, WhatsApp, tochi na pesa. Viwe ukurasa wa kwanza, vingine vyote viende nyuma.

Ongeza ukubwa wa maandishi na wa vitu vya skrini, uone kama aikoni bado zinakaa sawa. Samsung nyingi zina hali rahisi inayokuza vyote kwa pamoja.

Usihamishe aikoni ya pesa bila yeye kuona. Mwache aihamishe kwa mkono wake. Kidole chake ndicho kinachotakiwa kukumbuka, si chako.

Afanye zoezi mbele yako: afungue programu, afike kwenye ukurasa wa PIN, aishie hapo na kurudi nyuma. Usimwombe PIN "ili nikusaidie". Akizoea kumpa mtoto wake PIN, kesho atampa mtu yeyote mwenye sauti ya upole.

Mwisho, usiondoke siku hiyo hiyo. Panga Ijumaa, ukae naye wikendi, ili akikwama akuulize wewe na sio mtu wa pembeni.

KAMA UMESHAKOSEA

Umesakinisha faili la kutumiwa na umelipa ruhusa? Usione haya. Fanya haya kwa utaratibu huu:

1. Zima data na Wi-Fi mara moja.

2. Toa laini, uiweke kwenye simu nyingine unayoiamini. Kabambe inatosha. Badilisha PIN ya pesa kutoka huko. Usibadilishe PIN kwenye simu yenye shida, kwa sababu unayemkimbia huenda bado anaangalia.

3. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako kwa nambari uliyoijua tangu zamani, si ile iliyokuja kwa SMS leo. Waeleze na uwaombe waangalie miamala ya karibuni.

4. Rudi kwenye simu, ingia Mipangilio, nenda kwenye ufikivu na uzime programu usiyoitambua. Kisha nenda kwenye orodha ya programu na uisanidue. Ikikataa kutoka, mpelekee fundi anayejulikana, bila laini yako ndani.

5. Kama pesa zimeshatoka, piga ripoti kituo cha polisi pia, na usifute SMS yoyote. Ni ushahidi.

JIPIME

Swali la kwanza: Mtoto ameondoa aikoni ya programu ya pesa. Je, pesa zimepotea? Jibu: Hapana. Salio haliko kwenye simu. Tafuta programu kwenye orodha kamili, au tumia menyu ya kupiga.

Swali la pili: Programu ya picha za maua inaomba ruhusa ya ufikivu. Utafanya nini? Jibu: Kataa na uisanidue.

Swali la tatu: Uko kibandani, huoni aikoni ya pesa, na mtu mwema anasema "leta nikutafutie". Utafanya nini? Jibu: Mshukuru, kisha upige menyu mwenyewe. Dereva atasubiri dakika moja. Hatakufa.

Mama wa mfano wetu hakuhitaji kurudisha simu ya zamani. Aliacha picha ya maua, akazima sare ya aikoni, akairudisha alama ya pesa pale chini kulia ilipokuwa siku zote. Simu yake bado inapendeza. Na kidole chake, hata jua likiwa kali na honi ikilia, kinajua pa kwenda.

Jioni ya leo, chukua dakika tano na ufanye jambo moja tu kati ya haya: ficha maelezo ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. Kesho ufanye la pili. Na ukiwa na mzazi nyumbani, kaa naye mfanye pamoja.